Ruhusa ya Kwenda Kupiga Kura Bila Kukatwa Mshahara

(Somo la Elimu ya Watu Wazima, limechapwa kama lilivyosomwa redioni. Maswali ya kuzungumza katika vikundi yako mwishoni.)



Watu wengi wanajua kwamba kupiga kura ni haki ya raia. Leo tutazame jambo dogo ambalo huwazuia watu wengi kuitumia haki hiyo. Jambo lenyewe ni saa. Kituo cha kura hufunguliwa saa fulani na kufungwa saa fulani. Kazi nayo huanza saa fulani na kwisha saa fulani. Saa hizo zikigongana, mfanyakazi afanye nini? Akienda kupiga kura, huenda akakatwa mshahara. Akibaki kazini, kura yake imepotea, wala hataipata tena mpaka uchaguzi mwingine, baada ya miaka minne au mitano.

Mwenye duka lake mwenyewe anaweza kufunga mlango akaenda, akarudi. Karani anayelipwa kwa mwezi pengine hatakatwa kitu. Lakini mtu anayelipwa kwa saa, aliyesimama penye mashine tangu asubuhi, kila saa anayotoka ni fedha inayotoka mfukoni mwake. Kwa mtu huyo kura ina bei. Na haki yenye bei huwa rahisi kwa tajiri na ghali kwa maskini.

Basi, zimetungwa sheria katika nchi mbalimbali kuiondoa bei hiyo. Sheria hizo zinasema kwamba mwajiri lazima ampe mfanyakazi wake nafasi ya kwenda kupiga kura, na katika mahali pengi asimkate mshahara kwa muda huo. Leo tutatoa mifano yetu hasa katika Marekani na Kanada. Tumezichagua nchi hizi kwa sababu mbili. Kwanza, huko sheria za namna hii ni za zamani, na mabishano yake yalifika mpaka mahakamani, hata twaweza kuzisikia hoja za pande zote mbili. Pili, siku hizi wako ndugu wengi wasemao Kiswahili, waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, ambao wamekuwa raia wa nchi hizo. Wengi wao wanafanya kazi za zamu katika viwanda, maghala, hospitali na nyumba za kutunzia wazee. Hao ndio sheria hii inaowagusa hasa.

1. SIKU YA JUMANNE

Marekani huchagua Rais wake siku ya Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Novemba. Siku hiyo iliwekwa na sheria ya mwaka 1845. Wakati ule watu wengi walikuwa wakulima. Mwezi wa Novemba mavuno yalikuwa yamekwisha, na baridi kali ilikuwa haijafika. Jumapili ilikuwa siku ya ibada, na mtu aliyekaa mbali alihitaji siku ya Jumatatu ili asafiri kwa farasi au gari la kukokotwa. Kwa hiyo Jumanne iliwafaa.

Lakini nchi ilibadilika. Watu walihamia mijini, wakaajiriwa viwandani, na Jumanne ikawa siku ya kazi kama siku nyingine. Hata sasa sheria ya taifa la Marekani haiwaamuru waajiri wote wafunge kazi siku hiyo, wala hakuna sheria ya taifa zima inayompa kila mfanyakazi ruhusa yenye malipo. Jambo hili limeachwa mikononi mwa majimbo, na kila jimbo limeamua kwa njia yake. Majimbo mengine yametoa ruhusa yenye malipo. Mengine yametoa ruhusa bila malipo. Mengine hayakusema neno; hata katika uchaguzi wa Novemba 2024, Pennsylvania na Florida, ambayo ni majimbo makubwa, hayakuwa na sheria ya kumlazimisha mwajiri wa kawaida kutoa ruhusa hiyo.

Ndiyo sababu twasema tangu mwanzo: usitegemee habari za rafiki yako aliye katika jimbo jingine. Alilopewa yeye huenda wewe hukupewa.

2. KESI YA DOLA MBILI NA SENTI AROBAINI

Sasa tuitazame kesi moja mashuhuri, maana ndani yake mna somo zima.

Jimbo la Missouri lilitunga sheria mwaka 1897. Sheria ile ilisema kwamba mpiga kura ana haki ya kutokuwapo kazini kwa muda wa saa nne siku ya uchaguzi, wakati vituo viko wazi, na kwamba mwajiri akimkata mshahara kwa sababu hiyo amefanya kosa la jinai.

Tarehe 5 Novemba 1946 palikuwa na uchaguzi. Kampuni moja ya taa iliyoitwa Day-Brite Lighting ilikuwa na wafanyakazi ambao zamu yao ilianza saa 2 asubuhi ikaisha saa 10 na nusu alasiri. Vituo vya kura vilikuwa vifungwe saa 1 jioni. Mfanyakazi mmoja aliomba saa zake nne. Kampuni ilikataa kumpa saa nne nzima kutoka katika muda wa kazi, lakini iliwaruhusu yeye na wenzake wa zamu ile kutoka saa 9 alasiri. Hesabu mwenyewe: tangu saa 9 alasiri mpaka saa 1 jioni ni saa nne. Basi muda wa kupiga kura aliupata.

Neno lilikuwa katika mshahara. Tangu saa 9 mpaka saa 10 na nusu ni saa moja na nusu, na kampuni haikumlipa kwa muda huo. Ujira wake ulikuwa dola 1 na senti 60 kwa saa. Kwa hiyo alikosa dola 2 na senti 40. Serikali ya jimbo iliishtaki kampuni, mahakama ikaiona ina hatia, ikaitoza faini. Kampuni ikakata rufani, ikashindwa katika mahakama ya jimbo, ikaenda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani.

Huenda ukacheka: dola mbili na senti arobaini zapelekwa mpaka mahakama kubwa ya taifa! Lakini kampuni haikugombea zile dola. Iligombea neno la msingi. Ilisema: Katiba inalinda mali ya mtu na mapatano ya mtu. Sisi tulipatana kulipa kwa kazi. Muda ule mtu huyu hakufanya kazi. Je, Serikali ina haki gani ya kutuamuru tulipe kwa kazi isiyofanywa?

Wala hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1923 mahakama ya juu ya jimbo la Illinois ilikuwa imekwisha kulikubali wazo la namna hiyo, ikakataa sharti la kuwalipa wafanyakazi kwa muda wa kupiga kura. Mahakama ya Kentucky nayo iliamua vivyo hivyo mwaka 1947. Kwa hiyo nchi nzima ilingoja kusikia hukumu.

Hukumu ilitolewa tarehe 3 Machi 1952. Aliyeiandika ni Jaji William O. Douglas. Maneno yake, kwa muhtasari, ni haya. Kazi ya mahakama si kupima kama sheria ni ya busara au si ya busara; hiyo ni kazi ya wale waliochaguliwa kutunga sheria. Serikali ya jimbo ina uwezo wa kuangalia faida ya watu wote, na faida hiyo ni neno pana. Sheria ya Missouri ilikusudiwa kumwondolea mtu adhabu ya kutumia haki yake ya kura, na kukiondoa kizuizi kinachowafanya watu wasiende vituoni. Kama sheria yaweza kumlazimisha mwajiri kulipa kima cha chini cha mshahara, ijapokuwa kunamgharimu fedha, basi yaweza pia kumtia gharama hii ndogo. Kampuni ikashindwa.

Lakini jaji mmoja, Robert H. Jackson, hakukubali, na yafaa tumsikilize, maana mwanafunzi mwema husikia pande zote. Yeye alisema kwamba kulipa kima cha chini kwa saa zilizofanyiwa kazi ni jambo moja, na kulipa kwa saa zisizofanyiwa kazi ni jambo jingine kabisa. Kisha akauliza: kwa nini alipwe mtu huyu, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kituo cha kura, lakini asilipwe mkulima anayejitegemea, ambaye lazima aache kazi yake na kusafiri maili nyingi katika njia mbovu ili kutimiza wajibu ule ule? Pia aliona vibaya kwamba kazi ya raia ifanywe kwa ujira unaotoka katika mfuko wa mtu mwingine.

Swali lake juu ya mkulima ni swali la haki, na sheria hii kweli haimsaidii mkulima. Lakini tutafakari. Mkulima ana shida ya njia. Hana mtu wa kumkataza kwenda. Mfanyakazi ana bwana ambaye neno lake moja lamzuia. Sheria ya ruhusa ilitungwa kwa ajili ya kizuizi hicho cha pili. Haiponyi magonjwa yote, kama vile dawa ya malaria isivyoponya jino. Kosa si la dawa. Yatakiwa dawa nyingine pamoja nayo.

Tangu hukumu ile ya 1952, Katiba ya Marekani haiwezi kutumiwa tena kusema kwamba jimbo halina ruhusa ya kutunga sheria ya namna hii. Ila jimbo halilazimishwi kuitunga. Missouri yenyewe bado ina sheria yake, lakini sasa ni saa tatu badala ya nne, na mfanyakazi lazima aombe kabla ya siku ya uchaguzi.

3. JINSI YA KUPIGA HESABU

Watu wengi hukosea hapa. Husikia, "Sheria inatoa saa mbili," wakadhani kila mtu apata saa mbili za mapumziko. Sivyo. Katika majimbo mengi sheria huuliza kwanza: Je, unao muda wa kutosha nje ya kazi, wakati kituo kiko wazi? Kama unao, huna dai. Kama huna, mwajiri hukuongezea mpaka ufikie kiasi kilichowekwa. Tutoe mifano.

Iowa. Katika jimbo hili wako ndugu wengi wa kutoka Kongo, na wengi wanafanya kazi viwandani. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi, vikafungwa saa 2 usiku. Kiasi kilichowekwa ni saa mbili mfululizo. Zamani zilikuwa tatu, zikapunguzwa mwaka 2021. Tuseme zamu yako ni saa 1 asubuhi mpaka saa 1 jioni. Baada ya kazi unabakiwa na saa moja tu kabla ya kituo kufungwa. Umepungukiwa na saa moja. Basi mwajiri akuachilie saa moja mapema, nayo ailipe. Lakini mwenzako wa zamu ya usiku, aingiaye saa 1 jioni akatoka saa 1 asubuhi, mchana kutwa ni wake. Huyo hana dai. Ombi katika Iowa liwe la maandishi, na litolewe kabla ya siku ya uchaguzi.

New York. Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi mpaka saa 3 usiku. Hapa kipimo ni saa nne mfululizo, ama kabla ya kazi ama baada yake. Mtu aingiaye kazini saa 2 asubuhi akatoka saa 11 jioni anazo saa nne kamili za jioni. Huyo sheria yamwona ana muda wa kutosha. Lakini aingiaye saa 3 asubuhi akatoka saa 12 jioni ana saa tatu asubuhi na saa tatu jioni. Ukizijumlisha ni sita, lakini haziko mfululizo, wala hakuna upande uliofika nne. Huyo anaweza kupewa muda anaouhitaji, na mpaka saa mbili zake zitalipwa. Muda huo ni mwanzoni au mwishoni mwa zamu, kama mwajiri atakavyopanga. Mfanyakazi yapasa atoe habari si chini ya siku mbili za kazi kabla ya uchaguzi, wala si zaidi ya kumi.

California. Kama huna muda wa kutosha nje ya kazi, waweza kuchukua muda unaotosha, na saa mbili za mwanzo ndizo zinazolipwa. Ukizidisha, muda uliozidi haulipwi. Yatakiwa pia kutoa habari siku mbili za kazi kabla. Katika California na New York mwajiri lazima abandike tangazo mahali pa kazi kabla ya uchaguzi, lenye kueleza haki hii. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba ukiisha, usipite ubao wa matangazo bila kuusoma.

Minnesota. Sheria yake ni nyepesi kuieleza: mfanyakazi apewe muda unaohitajika kwenda kituoni, kupiga kura na kurudi kazini siku hiyo, bila adhabu na bila kukatwa mshahara. Hapa hakuna hesabu ya saa mbili au tatu.

Maryland. Kiasi ni saa mbili zenye malipo, kwa asiye na saa mbili mfululizo nje ya kazi. Lakini hapa mfanyakazi lazima amwonyeshe mwajiri ushahidi kwamba alipiga kura au alijaribu kupiga.

Na twende Kanada. Huko mambo ni tofauti, maana sheria ya uchaguzi wa Bunge la taifa ni moja kwa nchi nzima. Kila mpiga kura aliyeajiriwa ana haki ya kupata saa tatu mfululizo wakati vituo viko wazi. Vituo hukaa wazi saa kumi na mbili. Katika sehemu kubwa ya Ontario ni tangu saa 3 na nusu asubuhi mpaka saa 3 na nusu usiku. Tuseme unafanya kazi katika nyumba ya wazee mjini Toronto, tangu saa 5 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Asubuhi una saa moja na nusu; usiku una saa moja na nusu. Hakuna upande wenye saa tatu. Mwajiri aweza kukuruhusu uje saa 6 na nusu mchana, au utoke saa 12 na nusu jioni, au akupe saa tatu katikati ya kazi. Kuchagua ni kwake, kama inavyomfaa katika kazi yake. Lakini hana ruhusa ya kukukata mshahara wala kukuadhibu. Akivunja sheria hiyo aweza kushtakiwa. Wanaoachwa nje ni baadhi ya wafanyakazi wa vyombo vya usafiri ambao kazi yao yawapeleka mbali na eneo lao la kura. Kwao yafaa kupiga kura mapema kabla hawajasafiri.

4. NJIA YA SIKUKUU

Msikilizaji wa Afrika Mashariki atasema, "Kwetu hatuhesabu saa, siku ya uchaguzi hutangazwa kuwa ya mapumziko." Ni kweli kwamba njia hiyo imetumiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na tarehe 9 Agosti 2022 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko. Tanzania nayo ilitangaza mapumziko kwa uchaguzi wa Jumatano, tarehe 29 Oktoba 2025.

Njia ya sikukuu ina faida kubwa: haimlazimu mtu aende kwa msimamizi kuomba. Mtu mwoga na mtu shujaa hupata sawasawa. Tena husaidia katika jambo ambalo ruhusa ya saa mbili haiwezi kulisaidia, nalo ni safari. Mtu anayefanya kazi Nairobi lakini jina lake limeandikwa katika kituo cha nyumbani, karibu na Kisumu, saa mbili hazimfikishi popote.

Lakini sikukuu ina tundu lake. Hospitali haifungwi siku ya uchaguzi. Mlinzi hawezi kuacha lango. Mpishi wa hoteli, dereva wa basi, msichana wa kazi za nyumbani, hao wote sikukuu huwapita wakiwa kazini, na vituo vya Kenya hufungwa saa 11 jioni, vya Tanzania saa 10 alasiri. Kwa watu kama hao neno la saa larudi pale pale. Basi sikukuu na ruhusa si maadui. Moja humfaa anayepumzika, nyingine humfaa asiyepumzika. Nchi yenye busara huzitazama zote mbili.

5. UFANYE NINI?

Sasa tuje katika matendo, maana elimu isiyofika mikononi ni mzigo tu kichwani.

Kwanza, hakikisha jina lako limo katika orodha ya wapiga kura, na ujue kituo chako. Ruhusa haina maana kwa mtu asiyeandikishwa.

Pili, andika katika karatasi saa za kituo na saa za zamu yako, kisha upige hesabu kama tulivyofanya. Utajua mwenyewe kama una dai au huna. Mtu anayekwenda kwa msimamizi akiwa na hesabu mkononi husikilizwa kuliko anayekwenda na manung'uniko.

Tatu, omba mapema. Hata pale ambapo sheria haitaki habari ya mapema, ni adabu njema na faida kwako pia. Msimamizi akijua wiki nzima kabla, hupanga watu. Akiambiwa asubuhi ya uchaguzi, hukasirika, na pengine ana haki ya kukataa.

Nne, omba kwa maandishi, na ubaki na nakala. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Barua isiwe ndefu. Iandike kwa lugha inayotumika kazini kwako, kwa maneno kama haya:

"Bwana Msimamizi. Siku ya uchaguzi zamu yangu ni saa fulani mpaka saa fulani, na kituo changu hufungwa saa fulani. Kwa hiyo sina muda uliowekwa na sheria nje ya kazi. Naomba ruhusa yenye malipo kama sheria inavyoagiza, mwanzoni au mwishoni mwa zamu, kama utakavyoona inafaa. Ahsante."

Tano, ukipokea malipo yako, tazama stakabadhi ya mshahara. Hakikisha saa zile zimo. Kama hazimo, uliza kwa upole. Mara nyingi ni kosa la karani tu. Ukikataliwa, nenda kwa chama chako cha wafanyakazi, au kwa ofisi ya uchaguzi au ya kazi katika jimbo lako.

6. MAONYO MATATU

Onyo la kwanza ni kubwa kuliko yote. Katika Marekani, mtu asiye raia haruhusiwi kupiga kura katika uchaguzi wa taifa. Kuwa na kibali cha kufanya kazi, au kadi ya ukaaji wa kudumu, si kuwa raia. Asiye raia akipiga kura aweza kufungwa, na aweza kurudishwa alikotoka, hata kama alidanganywa na mtu aliyemwandikisha barabarani. Kama hujaapishwa kuwa raia, ngoja siku yako.

Onyo la pili: ruhusa ni ya kwenda, si ya kuelekezwa. Mwajiri anaweza kukupangia saa ya kutoka. Hawezi kukupangia jina la kutia alama. Kura ni siri, na kulipwa kwa muda wa kupiga kura si kulipwa kwa kura yenyewe. Vitu hivi viwili visichanganywe. Hata pale ambapo ushahidi wa kwenda kituoni watakiwa, hakuna anayeweza kutaka ushahidi wa uliyemchagua.

Onyo la tatu: muda huo umepewa kwa kazi moja. Ukiutumia kwenda sokoni au kulala, umemwibia mwajiri, na umewaharibia wenzako watakaoomba baada yako.

Na ikiwa uko mahali pasipo sheria ya ruhusa, usikate tamaa. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu kupiga kura siku kadhaa kabla ya uchaguzi, au kwa barua ya posta, na Kanada pia ina siku za kura za mapema. Tena waweza kumwomba mwajiri tu, kwa hisani yake. Wako waajiri watoao ruhusa bila kulazimishwa na sheria, na asiyeomba hawezi kujua.

Ndugu wasikilizaji, sheria hizi zote tulizozieleza ni maneno katika vitabu. Hazimwamshi mtu asubuhi wala hazimshiki mkono kumpeleka kituoni. Yule mfanyakazi wa Missouri, mwaka 1946, sheria ilikuwa imekwisha kukaa karibu miaka hamsini kabla ya kesi yake. Haki yake ilionekana siku alipoijua, akaiomba. Nawe ijue yako, uihesabu, uiombe kwa heshima, kisha uende mapema kabla mstari haujawa mrefu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kituo hufunguliwa saa 1 asubuhi mpaka saa 2 usiku, na sheria inataka saa mbili mfululizo. Zamu ya mfanyakazi ni saa 2 asubuhi mpaka saa 1 na nusu jioni. Mwajiri anadaiwa muda gani? (Jibu: Asubuhi mfanyakazi ana saa moja, jioni nusu saa. Mwajiri akimruhusu aingie saa 3 asubuhi, amemwongezea saa moja. Akichagua kumwachilia jioni, lazima amwongezee saa moja na nusu, atoke saa 12 jioni.)

2. Jaji Douglas na Jaji Jackson walipingana. Wewe ungekuwa jaji, ungekuwa upande gani, na kwa nini?

3. Je, katika mahali mnapokaa, ni watu wa kazi gani ambao sikukuu ya uchaguzi haiwapumzishi? Kikundi chenu kifikirie njia ya kuwasaidia wafike kituoni.

4. Mkulima anayejitegemea halindwi na sheria ya ruhusa. Ni jambo gani lingemrahisishia yeye kupiga kura?